Uwazi Si Uhakiki

Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu apelekapo dhahabu yake katika soko la madini la Geita, lililofunguliwa mwaka 2019, hapokelewi kwa kauli yake. Hata akiwa mtu mwaminifu ajulikanaye na wote, dhahabu yake huwekwa juu ya mizani, usafi wake hupimwa, na hesabu huandikwa mbele ya muuzaji na mnunuzi. Hapana aonaye kwamba ametukanwa. Mwenye mali ya kweli ndiye wa kwanza kufaidika na mizani ya kweli. Desturi hii yajulikana katika ukanda wote wa dhahabu, kutoka Kahama hadi Geita. Walakini iko kazi nyingine, ambayo siku hizi maisha ya watu wa ukanda huo huo yanaitegemea, na ambayo desturi hii haijakaa ndani yake sawasawa: kazi ya kupokea msimbo mgeni katika programu huria. Huko mzigo wa maelfu ya mistari hupokelewa mara nyingi kwa kauli ya aliyeuleta, na adaiye mizani huitwa mkorofi.

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake, yaani maagizo yaliyoandikwa na watu ili mashine iyafuate, uko wazi kwa kila mtu kuusoma, kuubadili na kuugawa. Huwa na shina moja litunzwalo na wasimamizi. Mtu akitaka programu hiyo ifanye kazi katika mashine za jamii nyingine, huandika upya baadhi ya sehemu zake, kisha huomba kazi yake iunganishwe na shina. Huo ndio uhamisho, na wanafunzi wa fasihi wanaujua vizuri kuliko wanavyodhani. Mashairi ya kale ya pwani yaliandikwa kwa hati ya Kiarabu, yenye alama tatu za irabu, ambamo alama moja hubeba e na i, na nyingine hubeba o na u. Nayo herufi ya ba huweza kusimama mahali pa b, p au mb. Mwenye kuyahamishia mashairi hayo katika hati ya Kirumi hana budi kuamua katika kila neno. Ndiyo sababu W. E. Taylor, alipokusanya mashairi ya Muyaka huko Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, alimhitaji Mwalimu Sikujua, mtu aliyeijua lugha na mji ulikotoka mashairi. Mnakili peke yake hakutosha, alihitajiwa mhakiki.

Mashine nazo zina hati zao. Ziko ziandikazo sehemu kubwa ya namba kwanza, na ziko ziandikazo sehemu ndogo kwanza. Namba 1 iliyowekwa katika baiti mbili na mashine ya namna moja, ikisomwa na mashine ya namna ya pili bila kugeuzwa, huwa 256. Ziko zihesabuzo kwa biti 32, na ziko zihesabuzo kwa biti 64. Na saa ya Unix ya biti 32 itafika ukomo wake tarehe 19 Januari 2038. Makosa ya aina hii hayapigi kelele. Programu haizimiki wala hailalamiki. Hutoa tu namba nyingine, kwa sura ile ile ya utulivu.

Na namba hizo ni za watu. Katika zahanati za Kahama, Bukombe na Chato, habari za wagonjwa huandikwa katika vitabu vya MTUHA, na jumla zake huingizwa katika DHIS2, ambayo ni programu huria. Asili yake ni Afrika Kusini katikati ya miaka ya 1990, ilipokuwa imefungamana na Microsoft Access. Baadaye iliandikwa upya kwa lugha ya Java ili itumike katika intaneti. Kenya ikaitumia nchi nzima mwaka 2011, na Tanzania mwaka 2013. Kisha ikaingia katika simu za Android. Huo ni uhamisho juu ya uhamisho. Hata mipaka ilihama: mkoa wa Geita ulipoundwa mwaka 2012, Bukombe ilitoka Shinyanga na Chato ikatoka Kagera. Idadi ya watoto wenye malaria ikipotoka katika safari ya namna hii, dawa itapelekwa pasipohitajiwa, na mama atakayerudishwa mikono mitupu hatajua kosa lilizaliwa wapi. Hilo ndilo linalogombaniwa hapa.

Wako wasemao kwamba programu huria haihitaji mizani, kwa kuwa iko wazi, na macho mengi hayawezi kukosa kosa. Hoja hii ni tamu, lakini historia imeikataa. Mwishoni mwa mwaka 2011 mistari michache ilipitishwa kuingia katika OpenSSL, programu huria ilindayo siri za mawasiliano ya intaneti. Mistari hiyo ilipokea kauli ya mwombaji juu ya urefu wa maneno yake bila kuupima, ikamrudishia kiasi alichotaja, hata kama sehemu kubwa ya kiasi hicho ilikuwa siri za watu wengine. Mhakiki aliipitisha. Ilitangazwa kwa ulimwengu Machi 2012, na kosa lake, lililoitwa Heartbleed, lilifichuliwa Aprili 2014. Kwa muda wa miaka miwili mlango ulikuwa wazi kwa macho yote, na macho hayakuwapo. Kitabu kilichofunguliwa mezani hakijasomwa kwa sababu hiyo tu.

Wengine husema: programu hii imefanya kazi miaka mingi huko ilikotoka, basi itafanya kazi na huku. Jawabu lao liko katika roketi ya Ariane 5. Sehemu ya programu yake ilichukuliwa kutoka Ariane 4, ambako ilikuwa imetumika bila kosa. Tarehe 4 Juni 1996 roketi mpya iliruka kwa mwendo mkubwa kuliko ile ya zamani. Namba moja ikazidi chombo cha biti 16 kilichoandaliwa kuipokea. Na baada ya sekunde 37 hivi roketi iliharibika angani. Msimbo haukuwa umebadilika. Kilichobadilika ni mahali pake, na hapana aliyeupima upya mahali hapo.

Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu, na haifai kudharauliwa. Husemwa kwamba wasimamizi wa programu huria wengi wao hujitolea, kwamba wamechoka, kwamba kuhakiki mzigo mkubwa ni kazi ya miezi, na kwamba aliyeuleta, akicheleweshwa, atakata tamaa na kwenda zake. Yote haya ni kweli. Lakini haraka yenyewe imekwisha kuwa silaha. Lasse Collin, mtunzaji wa programu ya xz, alisukumwa kwa malalamiko ya kwamba anachelewa, hata akampa madaraka msaidizi aliyejiita Jia Tan, aliyekuwa akichangia tangu mwaka 2021. Mwaka 2024 ilionekana kwamba msaidizi huyo alikuwa ameficha mlango wa wizi ndani ya faili zilizodaiwa kuwa za majaribio. Aliyeugundua, Andres Freund, aliona tu kwamba kuingia katika mashine kunachukua nusu ya sekunde zaidi ya kawaida. Ulimwengu uliokolewa na mtu mmoja aliyezoea kupima. Uchovu wa wasimamizi, basi, hauthibitishi kwamba uhakiki upunguzwe. Wathibitisha kwamba wahakiki waongezwe.

Na watatoka wapi? Hapa lawama huwageukia wale walao bila kulima. Wizara, mashirika na vyuo vikuu vya Afrika Mashariki vinatumia programu huria kila siku, na husifu kwamba ni ya bure, lakini ni vichache vimtengeao mtu mmoja saa za kusoma kinachoingia ndani yake. Mwanafunzi hupewa alama kwa msimbo alioandika. Kwa msimbo wa mwenzake aliousoma na kuusahihisha hapewi kitu. Chuo hicho hicho, katika idara ya fasihi, humpa shahada mtu aliyehakiki kitabu cha mwingine. Ikiwa kusoma kwa makini ni elimu katika jengo moja, haiwezi kuwa upotevu wa wakati katika jengo la pili.

Masharti ya uhakiki huo si magumu kutaja. Uhamisho uletwe vipande vipande, kila kipande kiweze kusomwa na mtu kwa kikao kimoja. Mabadiliko ya sura yatengwe na mabadiliko ya maana. Majaribio ya mashine za zamani yapite kama yalivyopita kabla, maana si haki kumkaribisha mgeni kwa kubomoa nyumba ya mwenyeji. Programu ijaribiwe katika mashine yenyewe itakayotumika: simu ya bei ndogo yenye kumbukumbu haba, mahali ambapo mtandao huja na kwenda, na si katika kompyuta ya mwandishi peke yake. Tena ajulikane mtu atakayeutunza uhamisho huo baada ya sherehe. Linux iliwahi kubeba uhamisho wa mashine za Itanium, na ulipokosa mtunzaji uliondolewa katika toleo la 6.7, Januari 2024. Bora kuondoa kwa mpango kuliko kuacha kitu kioze ndani ya shina.

Ukanda wa dhahabu una kumbukumbu yake katika jambo hili. Machi 2017 serikali ilizuia usafirishaji wa makinikia, na makontena 277 kutoka migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi yakashikwa katika bandari ya Dar es Salaam. Kamati ya serikali ilisema dhahabu iliyomo ni nyingi kuliko iliyotajwa. Kampuni ya Acacia ilikana. Ugomvi huo haukufungwa hata serikali na Barrick zilipotia saini makubaliano Januari 2020. Chanzo chake kilikuwa kwamba pande mbili hazikuwa na mizani moja zilizoikubali kabla mzigo haujaondoka mgodini. Programu huria ni kontena lisilo na kufuli, na hiyo ni neema ambayo watu wa Kahama hawakuwa nayo. Lakini kontena lisilo na kufuli, ambalo hapana ajishughulishaye kulifungua, halitofautiani na lililofungwa, ila kwa hili: mwenye hasara hatakuwa na wa kumlaumu ila nafsi yake.