Sare ya Askari ni Amana

Katika pwani yetu lingalipo jina la merikani, kitambaa cha pamba ambacho wafanyabiashara wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, walikileta Unguja katika karne ya kumi na tisa, mpaka vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyozuka mwaka 1861, vilipoiadimisha pamba na bidhaa hiyo ikapungua sokoni. Jimbo lilo hilo ndilo lililounda, mwaka 1863, Kikosi cha 54 cha askari weusi wa miguu, ambacho wapenda historia wa Marekani hukiigiza hadi leo katika kumbukumbu za vita hivyo. Nguo za waigizaji hao ndizo zinazonishughulisha, kwa maana naamini kwamba avaaye sare ya marehemu amepokea amana, wala amana haitimizwi kwa kitambaa cha uongo.

Askari wale waliahidiwa ujira sawa na wenzao weupe, yaani dola 13 kwa mwezi. Lakini serikali ikawapimia 10, kisha ikazikata 3 kwa ajili ya nguo, ilhali askari mweupe aliongezewa posho ya nguo juu ya mshahara wake. Wakakataa kupokea hata senti moja, wakapigana bila ujira, wakaishambulia ngome ya Wagner tarehe 18 Julai 1863, ambako Sajini William Carney, majeraha yake yakitoka damu, hakuiacha bendera ianguke. Na haikuwa ila Juni 1864 ndipo Bunge la Marekani lilipopitisha sheria ya kuwasawazishia malipo. Basi koti lile halikuwa pambo: lilikuwa shahada ya utu wao, na juu yake iliandikwa dhuluma waliyotendewa.

Koti la askari wa miguu wa upande wa serikali lilikuwa la sufu ya buluu iliyokoza, lenye vifungo vinne vya shaba vyenye sura ya tai, na suruali yake ilikuwa ya sufu nzito ya rangi ya samawati. Katika ghala la Schuylkill, mjini Philadelphia, vitambaa vilikatwa kwa vipimo maalumu, kisha vikapelekwa majumbani kwa wanawake, wengi wao wajane na jamaa za askari, wakavishona kwa mkono, tundu la kifungo baada ya tundu. Atakaye nakala sahihi na amwulize fundi ni vazi gani lililohifadhiwa alilolipima kabla ya kukata. Na achomoe uzi mmoja auchome, kwani sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayovunjika, na poliesta huyeyuka ikaganda kama utomvu.

Wapo wasemao kwamba mtazamaji aliye mbali hatambui tofauti, na kwamba vazi sahihi lina gharama kubwa. Gharama ni kweli, nami simlaumu mwenye mkono mfupi. Lakini dawa yake ni subira, mtu akanunua koti mwaka huu na viatu mwaka ujao, na kuazima kwa wenzake kile ambacho hajajaaliwa kukipata. Ama mtazamaji, yeye hukaribia, hugusa mkono wa koti, na mtoto wake huuliza. Na jibu atakalopewa siku hiyo huenda likawa ndilo somo pekee atakalolipata juu ya watu wale.

Mwaka 1861 makandarasi wenye tamaa waliliuzia jeshi lile lile la serikali sare za matambara yaliyosagwa na kugandamizwa, zikachanika mvua ilipozinyeshea. Hiyo ilikuwa hiana kwa walio hai. Enyi mnaowaigiza mashujaa hawa, msiwatendee wafu hiana ya namna hiyo: nunueni kidogo, nunueni kwa kuuliza, na vaeni kilicho kweli.