Andika jina kwa CD, lakini si na biro

Wasee, leo tuongee kuhusu CD. Eeh, CD.

Wikendi iliyopita nilipata boksi moja kwa kabati la mathe. CD 30 hivi tulizoburn wenyewe kitambo, karibu zote hazina jina. Moja imeandikwa "Mix 3". Mix 3 ya nini sasa?

Moja tu ndiyo ilijieleza: "SHOSH". Hiyo niliandika mimi nikiwa darasa la sita, na biro, nikikandamiza kabisa. Ilikuwa sauti yake akitutolea hadithi. Shosh hayuko tena. Nimejaribu kompyuta mbili, haisomi. Ukiiinua kwa mwanga, unaona taa ikipenya pale nilipoandika.

Shida ni kwamba sisi huchunga ule upande unaong'aa tu. Kwa CD, data iko karibu kabisa na upande wa juu, ule wa kuandikia. Imefunikwa na vanishi nyembamba tu, na ncha ya biro inaichana. Stika nayo ikibanduka inaweza kutoka na hiyo data.

Kwa hivyo tumia felt peni ya wino wa maji, na uandike kwa ile duara ya plastiki hapo katikati, haina data. Andika ni nani, ni nini, mwaka gani. Usiandike kitu unaelewa wewe pekee, juu siku moja atakayeitafuta si wewe.

Na utoe kopi kwanza. Mimi nilikuwa na moja tu.