Kericho si Picha ya Majani Tu

Mgeni afikapo mji wa Uji, karibu na Kyoto nchini Japani, hutazama mashamba ya chai, kisha huandaliwa hata tambi za chai. Afikapo Kericho au Bomet, aghalabu hupiga picha mashamba, akala chipsi, akaenda zake. Mursik, maziwa ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa senetwet, na kimyet, ugali wa wimbi, havioni. Kosa si lake. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumesifu biriani ya pwani, tukavinyamazia vyakula hivi. Wakoloni waliitwaa ardhi ya Wakipsigis wakapanda chai. Je, chai iufunike na mlo wao? Tuviandike kwa Kiswahili, ndugu wasomaji, ili mgeni ajue la kuagiza na mwenyeji asione haya kupakua.