Uhai Tangu Tumboni, na Zebaki Je?

Sisi Wakatoliki tunatetea uhai tangu kutungwa mimba. Mbona basi juu ya zebaki tunanyamaza? Sisi wa Puge tuko wilaya moja na wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Nzega, ndugu zetu wanaotafuta riziki. Wanapochoma zebaki ili ibaki dhahabu, mvuke wake huingia mapafuni, hupita katika damu na kuharibu seli za ubongo na figo. Kwa mama mjamzito huvuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, lakini mkataba haujifundishi wenyewe. Tusipokee sadaka za machimboni tukafumba midomo. Parokiani tuhimize kuchomea katika chombo kinachonasa mvuke, mbali na jiko, wajawazito na watoto.