Nodi ya redio Kivu ya Kusini: kabla ya kupandisha antena, majina ya watu yalindwe

BUKAVU – Rezo inapokatika Kivu ya Kusini, watu hawaulizi kwanza habari za siasa. Wanauliza mama yuko wapi, na kama watoto walifika. Mwisho wa Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti na ujumbe mfupi wa simu vilifungwa nchi nzima, na vikakaa hivyo karibu majuma 3. Mwisho wa Januari 2025 vita vilipoingia Goma, umeme, maji na intaneti vilikatika huko, na wenye ndugu ule upande wakabaki Bukavu na simu mkononi isiyokuwa na la kusema. Katikati ya Februari vita vikafika Bukavu penyewe.

Iko njia ya mawasiliano isiyotegemea mnara wa kampuni ya simu wala inite: redio ya pakiti. Maoni yanayotolewa hapa yana pande mbili zisizofaa kutenganishwa. Jimbo hili linaihitaji. Lakini ikiwekwa ovyo itawaumiza watu wale wale inaotaka kuwasaidia, na waliohama makwao ndio watakaoumia wa kwanza.

Wazee wanazikumbuka foni za misheni. Padri au muuguzi anabonyeza, anasema, anaachia, anasikiliza. Redio ya pakiti ni ndugu ya ile foni, ila inapeleka maandishi badala ya sauti. Kompyuta ndogo inageuza herufi kuwa milio miwili, mmoja wa 1200 hertz na mwingine wa 2200. Redio inairusha, na upande wa pili kompyuta nyingine inairudisha kuwa herufi. Kasi yake ya kawaida ni biti 1200 kwa sekunde. Picha usifikirie, na video ndiyo usiitaje kabisa. Lakini ujumbe wa herufi 200 unapita kwa sekunde mbili hivi. Tena kila pakiti inabeba hesabu ya kuihakiki, hivyo iliyoharibika njiani inakataliwa, na vituo vilivyoshikana moja kwa moja vinairudia mpaka ifike nzima. Jina la kijiji haligeuki kuwa la kijiji kingine, kama lilivyokuwa likigeuka kwenye foni yenye kelele.

Nodi ni kituo cha katikati. Inasikia pakiti kutoka upande mmoja na kuipitisha upande wa pili. Nyingine ina pia sanduku la barua: ujumbe unalala humo hadi mwenyewe aje kuuchukua, hata kama ni kesho kutwa. Kwa familia zilizotawanyika sanduku hilo ndilo lenye faida kubwa, maana mtu anayekimbia hawezi kukaa karibu na redio saa ambayo ndugu yake anamtafuta.

Jambo hili si geni Afrika. Januari 1990 ilirushwa satelaiti ndogo iitwayo UoSAT-3, iliyojengwa Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza. Shirika la SatelLife, lililoanzishwa na daktari wa moyo Bernard Lown, liliitumia kwa mtandao wake wa HealthNet. Satelaiti ilipopita juu ya Afrika, kituo cha chini kiliipa barua na kupokea zilizokuja. Dakika chache baadaye ilikuwa imeshatoweka. Madaktari wa nchi kama Zambia na Uganda walipata makala za tiba kwa njia hiyo ya pakiti, wakati ambapo simu ya kimataifa ilikuwa ghali kupindukia. Hawakuhitaji kasi. Walihitaji ujumbe ufike.

Hapa adui wa kwanza wa fundi ni milima. Bendi inayotumika sana kwa kazi hii iko kati ya 144 na 146 megahertz, na mawimbi yake hayapiti ndani ya kilima. Mtu wa Panzi na mtu wa Bagira wanaweza kuwa mji mmoja na wasisikiane kabisa. Shida inaanza pale wote wawili wanapoisikia nodi iliyo juu. Kila mmoja anadhani hewa ni kimya, wote wanarusha kwa pamoja, na nodi haipati chochote ila fujo. Dawa ni mipangilio: muda wa kungoja kabla ya kurusha, muda wa redio kuamka kabla ya pakiti kutoka (watu wengi huanza na milisekunde 300), na idadi ya nodi ambazo pakiti inaruhusiwa kupita. Utaratibu wa AX.25, ambao ndio lugha ya pakiti hizi, unakubali hadi vituo 8 vya kupitisha. Fundi mwenye tamaa ataweka vyote 8 akidhani anafika mbali. Atakachofanya ni kuijaza hewa mwangwi wa ujumbe mmoja. Mbili zinatosha, na kwa ziwa letu kilima kizuri ni bora kuliko nodi nyingi. Milima ya Idjwi iko katikati ya maji na inatazama pande zote mbili. Mlima Kahuzi unafika mita 3.308, ingawa kupeleka betri huko na kuilinda ni habari nyingine. Kwa Shabunda, ng'ambo ya msitu, bendi hii haifai. Huko ni masafa mafupi kama ya zile foni, kwa mwendo wa polepole zaidi.

Umeme si kikwazo kikubwa. Nodi ya wati 5 inakula kidogo, na betri ya volti 12 pamoja na paneli ya jua vinaweza kuibeba wakati SNEL imekata.

Sasa yale mipangilio ambayo mafundi huyapita haraka. Nodi nyingi hutoa tangazo la kujitambulisha kila baada ya dakika kadhaa: alama ya kituo (za Kongo huanza na 9Q), maneno machache, na mara nyingi mahali kilipo, kwa vipimo vya latitudo na longitudo. Programu za kuonyesha vituo kwenye ramani zilitengenezwa kwa kazi hiyo hasa. Katika nchi yenye amani ni jambo zuri. Anayepotea mlimani anaonekana. Katika nchi ambapo makambi ya waliohama yameshapigwa mabomu, redio inayotangaza yenyewe kila dakika 10 kwamba iko hapa, pamoja na watu hawa, ni hatari iliyowashwa kwa mkono. Tangazo la mahali lizimwe. Kituo cha kubebwa kisilale katika shule au kanisa wanamolala watu.

Kubwa zaidi ni majina. Redio ya ridhaa, yaani ya watu wanaorusha kwa kujifunza na kusaidiana bila biashara, ni ya wazi kwa asili yake. Kanuni za Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, zinakataza vituo vya ridhaa vya nchi mbili kuficha maana ya wanachosema, na ujumbe wa mtu wa tatu hauvuki mpaka kwa njia hiyo isipokuwa wakati wa dharura au msaada wa maafa. Bukavu inatazamana na Rwanda ng'ambo ya Ruzizi, kwa hiyo kanuni hiyo si ya mbali. Mwenye redio ya bei ndogo na kompyuta anaweza kusoma kila kitu kinachopita, na si lazima awe mtu mwema.

Watu watakumbusha kwamba majina yameshawahi kutangazwa na yakasaidia. Ni kweli. Mwaka 1994 BBC ilianzisha Gahuzamiryango, jina ambalo maana yake ni kinachounganisha familia, na majina ya waliopotezana yalisomwa hewani kwa Kinyarwanda na Kirundi. Mwaka huo huo Radio Agatashya ilianza kurusha kutoka Bukavu kwa ajili ya wakimbizi na wakaaji. Wako waliopatana na ndugu zao kwa sababu ya redio. Lakini tofauti si ndogo. Jina lililosomwa na mtangazaji linapita hewani na kwenda. Jina lililoandikwa kwenye pakiti linaweza kuhifadhiwa na yeyote, likapangwa kwa kijiji na kwa ukoo, likatafutwa miaka 5 baadaye. Orodha katika eneo hili imeshaua watu.

Kwa hiyo nodi ya Kivu isibebe orodha. Familia inaweza kupewa kadi yenye namba na mtu inayemwamini, parokiani au katika kilabu cha wasikilizaji, na ujumbe ukasema tu kwamba wa kadi fulani wamefika salama, watu 4, mmoja mgonjwa. Kabila lisitajwe. Jina la mume anayetafutwa lisitajwe. Sanduku la barua lifutwe kila juma. Wataalamu wanaweza kubishana kama namba ya kadi ni kuficha maana. Hospitali pia humwita mgonjwa kwa namba na hakuna anayesema ni fumbo, lakini swali hilo liulizwe kwa maandishi kwa mwenye kutoa kibali, lisiachwe kwa bahati. Kama jibu ni hapana, iko njia nyingine: kuomba masafa ya mtandao binafsi, kama yanavyofanya mashirika ya misaada, ambapo ujumbe unaweza kufungwa kwa ufunguo. Vifaa vinaweza kuwa karibu vile vile. Gharama ya kibali ndiyo inayobadilika.

Kuhusu kibali, maneno yawe mafupi. Sheria ya mawasiliano namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020 ipo, na mamlaka ya kusimamia masafa, ARPTC, makao yake ni Kinshasa. Bukavu tangu Februari 2025 iko mikononi mwa AFC/M23. Kijana anayepandisha antena juu ya bati leo anaweza kuitwa mpelelezi na upande wowote, na antena haijui kujitetea. Historia ya hapa haidanganyi: Radio Maendeleo, iliyokuwa na studio na wasikilizaji jimbo lote, ilifungwa na waasi wa RCD mwaka 1999. Kama redio inayojulikana na kila mtu ilifungwa, kisanduku kisichojulikana na mtu kitaonewa huruma na nani?

Hiyo haina maana ya kukaa bure. Nodi nzima inaweza kujifunzwa bila kurusha wimbi hata moja. Kompyuta mbili za zamani zinaunganishwa kwa kebo ya sauti, milio inapita ndani ya kebo badala ya hewani, na programu za bure zinazogeuza milio kuwa pakiti hazioni tofauti yoyote. Alama za kituo za majaribio, nafasi ya kungoja, sanduku la barua, kufuta, kuzima tangazo la mahali: yote yanafanyika mezani, na hakuna mwenye bunduki atakayebisha hodi kwa sababu yake. Redio za jamii zina mafundi, na vilabu vya wasikilizaji vina desturi ya zamani ya kukaa pamoja na kujadili.

Na hapo ndipo pa kuamua, si kwenye meza ya fundi peke yake. Mafundi wengi ni wanaume wa mjini; wanaotafutwa na wanaotafuta ni wamama wa Kalehe, Walungu na Fizi. Mwanamke aliyekimbia mume mwenye silaha anajua kuliko mhandisi yeyote kwa nini mahali pake pasitangazwe. Aulizwe kabla, wakati mipangilio bado ni karatasi.

Wengine watasema satelaiti za intaneti zimemaliza tatizo. Kwa mwenye dola za kulipa kila mwezi, pengine. Mwenye kampuni akikata, imekatika, na kifaa hicho nacho kinaonekana juu ya bati kama antena yoyote.

Tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko Nyamukubi, maji na matope yalishuka kutoka milimani Kalehe na kuua zaidi ya watu 400 huko na Bushushu. Hakuna anayeweza kudai kwamba nodi ingewaokoa. Lakini ujumbe wa maneno matano, mto umejaa huku juu, ondokeni, hauna jina la mtu ndani yake, haumfichui yeyote, na hauhitaji ufunguo. Ukitafuta pa kuanzia siku kibali kitakapopatikana, ni hapo: mvua, barabara iliyokatika, kipindupindu, mashua iliyochelewa. Ujumbe wa familia uje baadaye, baada ya zile kadi kuwa tayari na watu kujua nani anazishika.

Swali la nani anazishika bado halina jibu. Parokia itasema yenyewe, shirika litasema lenyewe, na chifu naye yupo.