BASTOLA KIUNONI, MAFUNZO WAPI?

Mwezi uliopita, katika mkutano wa tawi letu moja la mjini, ndugu mmoja mfanyabiashara aliinama kuokota daftari la ada, na bastola yake ikachomoka kiunoni ikaanguka sakafuni, mbele ya akina mama walioketi mkekani na watoto wao. Haikulia. Mwenyekiti akasema "Alhamdulillahi", watu wakacheka, mkutano ukaendelea. Sisi hatukucheka. Ndugu huyo leseni anayo, tena ya halali. Alipoulizwa ni nani aliyemfundisha kuitumia, alijibu kwamba muuzaji alimwonyesha mahali pa kutilia risasi.

Wala si yeye peke yake. Tangu siku ile barua tatu zimefika mezani petu, zote zikiuliza jambo moja: kwa nini wanachama wenye bastola wasiwekwe kuwalinda viongozi wetu mikutanoni? Kabla ya kujibu tuliona ni haki kwanza tukijue tunachokisema. Basi sisi wawili wa gazeti hili tukalipa ada, tukaingia darasa la wanaoanza, Jumamosi mbili, katika kiwanja cha shabaha nje ya mji. Mmoja wetu anayo leseni kwa ajili ya duka aliloachiwa na marehemu baba yake. Mwingine hakuwa amepata kushika hata gobori.

Asubuhi nzima ya siku ya kwanza haikulia risasi hata moja. Tulipewa bastola za plastiki, rangi ya buluu, zisizoweza kumdhuru hata nzi, na kwa saa tatu tukafundishwa kuzishika, kuziinua na kuziweka chini, kama watoto wa darasa la kwanza wanavyoandika irabu hewani kwa kidole kabla ya kupewa kalamu. (Wenzetu waliopita chuo cha ualimu watatuelewa.) Amri ni nne, nazo hutajwa kwa jina la Jeff Cooper, askari wa zamani wa majini wa Marekani, aliyefungua shule yake ya bastola huko Arizona mwaka 1976. Kila silaha uihesabu kuwa ina risasi, hata kama umezitoa wewe mwenyewe sasa hivi. Usiuelekeze mtutu kwenye kitu usichokubali kiharibike. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umekwisha kuilenga shabaha. Na ujue unachokilenga, na kilichoko nyuma yake.

Mzee mmoja mwenye duka la vipuri aliivunja amri ya pili mara nne kabla ya saa nne, kila alipogeuka kuuliza swali. Kila mara mwalimu alimrudisha ukutani aanze upya. Mara ya nne mzee akakasirika, akasema yeye si mtoto. Mwalimu akamjibu, "Shikamoo mzee wangu, lakini plastiki hiyo imekwisha kutuua sote mara nne."

Alasiri zikatoka za kweli. Karatasi yenye umbo la mtu ilisimama mita saba mbele yetu. Mwenzetu mwenye leseni alifyatua risasi kumi, nne zikaigusa karatasi. Na karatasi ile haikukimbia, haikupiga kelele, haikuwa na panga. Kisha mwalimu akamchanganyia risasi bandia katika magazini bila kumwambia. Zamu ya bandia ilipofika hapakuwa na mlio, na sote tukauona mtutu ukiinama chini: mkono uliuogopa mshindo kabla haujatokea. Miaka miwili ndugu yetu huyu amelala na bastola hiyo chini ya mto, akiamini kwamba analindwa.

Tukauliza, zile sita zimekwenda wapi? Mwalimu akatuonyesha tuta la udongo nyuma ya shabaha. Risasi ya milimita 9 hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 350 hivi kwa sekunde, na ikikosa yaweza kwenda zaidi ya kilomita moja. Kariakoo hakuna tuta. Nyuma ya mwizi yupo muuza maji, na nyuma ya muuza maji yupo mama na mtoto mgongoni, na nyuma yao ukuta wa bati. Katika mkutano wa hadhara, nyuma ya kila mtu yuko mwanachama.

Jumamosi ya pili ilikuwa na saa nzima ya sheria, ambayo wanafunzi wengi walitaka kuiruka. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 18 na vile vinavyokifuata, inampa mtu haki ya kujitetea, kumtetea mwenziwe na kuitetea mali yake. Lakini 18B yasema nguvu iwe ile tu inayohitajika, na mwenye kuzidisha atajibu kwa kosa lake. Mwenye duka anayempiga risasi ya mgongo kibaka anayekimbia na redio atapata kazi kubwa kumweleza hakimu alikuwa anajitetea na nini.

Sasa tuzijibu barua. Twajua tutaambiwa kwamba wazee wa TANU nao walishika silaha. Ni kweli. Mwongozo wa Februari 1971, uliotoka baada ya Wareno kuivamia Guinea Novemba 1970 na Amin kuipindua serikali ya Uganda Januari 1971, ulitaka wananchi wafundishwe ulinzi. Lakini mgambo wale walifundishwa kwanza, walikaa chini ya amri, na walichokilinda ni nchi. Tena zama zile chama kilikuwa kimoja. Tangu 1992 vipo vingi, na mabadiliko ya Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 2019 yanakataza chama chochote kuunda kikundi cha ulinzi cha namna ya kijeshi. Wasiotupenda wanangoja picha moja tu ya mwanachama wetu akisimama jukwaani na bastola.

Kwa hiyo twasema hapana. Bastola isiingie katika mkutano wa chama, wa ndani wala wa hadhara, hata kama mwenye nayo ni mwenyekiti. Ulinzi ni kazi ya polisi, na makatibu wasiwape polisi udhuru: taarifa ya mkutano ifike kwa maandishi zaidi ya saa 48 kabla, na nakala yenye muhuri ibaki tawini.

Hatumlaumu ndugu aliyenunua silaha. Aliyevunjiwa duka mara mbili, hatuna haki ya kumwambia asiogope. Twamtaka aende darasani tu. Ada si ndogo, twakiri, lakini aliyetoa mamilioni kununua bastola asituambie kwamba ya kujifunza hana.

Ndugu wa daftari la ada ametuandikia juzi kwamba amejiandikisha. Darasa lijalo linaanza Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao. Wanaotaka kwenda pamoja naye walete majina ofisini kwetu kabla ya Ijumaa, na nakala ya leseni. Wakija ofisini, bastola waziache nyumbani, zimefungiwa katika kasha la chuma, bila risasi, na ufunguo mahali ambapo watoto hawafiki.