Pombe huvuka mpaka, anayetaka kuiacha hana pa kwenda

SERIKALI za eneo hili zimepigana na pombe ya pakiti kwa zamu. Kenya ilikataza pakiti na chupa za chini ya mililita 250 katika sheria yake ya mwaka 2010, ile ile iliyohalalisha chang'aa. Tanzania ikapiga marufuku viroba kuanzia Machi 1, 2017. Uganda ikafuata mwaka 2019 kwa kuzuia pombe kali ya chini ya mililita 200. Sisi wa Busia tuliyaona matokeo kwa macho: kwa miaka tisa, kilichokatazwa upande mmoja wa barabara kiliuzwa upande wa pili, na mfuko wa koti haukaguliwi na watu wa forodha.

Katika vita hivyo walizungumziwa wenye viwanda na wauzaji. Mnywaji anayetaka kuacha aende wapi, hilo halikupata nafasi. Nalileta hapa kwa sababu nilikuwa mmoja wao.

Nilikuwa mfanyabiashara wa mahindi. Mahindi ya Uganda yalipozuiwa kuingia Kenya Machi 2021 kwa sababu ya sumukuvu, lori langu lilikaa kwenye foleni nami nikakaa kwenye mrija wa malwa, kisha waragi. Katazo lile lilidumu siku chache. Ulevi wangu ulibaki. Kufikia Desemba mtaji ulikuwa umekwisha na mke wangu amerudi kwao Tororo.

Daktari mmoja alinipa dawa na karatasi iliyoandikwa kwamba nihudhurie kikundi. Hakuandika kikundi gani wala kiko wapi. Nilipouliza kanisani niliombewa, na sikatai maombi. Mwenyekiti wa mtaa alicheka, akidhani natafuta watu wa kukopeshana pesa. Simlaumu, maana hapa mpakani ukisema kikundi watu huelewa cha kuweka na kukopa.

Hatimaye rafiki dereva alinipa namba 1192, ya bure, ya mamlaka ya Kenya inayoshughulikia ulevi na dawa za kulevya, NACADA. Kwa laini ya Uganda haikupita. Niliweka laini ya Kenya, na huko ndiko nilikoelekezwa kwenye mkutano wa Alcoholics Anonymous, Nairobi. Nilipanda basi la usiku.

Nilitegemea hotuba. Nilikuta watu wamekaa kwenye viti vya plastiki, kila mmoja akitaja jina lake la kwanza tu na kueleza alivyokunywa na anavyoishi bila kunywa. Hakuna kiingilio, sharti moja tu, kutaka kuacha. Kuna mikutano ya wazi, ambayo hata ndugu wa mnywaji anaweza kuingia, na kuna ya wenyewe kwa wenyewe. Familia zina utaratibu wao, Al-Anon, tangu mwaka 1951.

Msomaji mfanyabiashara atapenda kujua jambo hili lilivyoanza. Mei 1935, Bill W., mtu wa soko la hisa la New York, alikwenda mji wa Akron, Ohio, na biashara ikamwendea vibaya. Akiwa hotelini, baa iko karibu, alichukua orodha ya makanisa akapiga simu akitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Akapelekwa kwa daktari wa upasuaji, Dr. Bob, aliyekunywa mara ya mwisho Juni 10 mwaka huo. Kwa maneno mengine, chama hiki kilizaliwa na mtu aliyekwama safarini, mbali na kwake, mtaji umeyeyuka. Nani hapa Busia hamjui mtu huyo?

Tatizo ni kwamba Nairobi ni mbali na nauli ni mtaji. Na mpakani tunajuana mno. Akijulikana kuwa mlevi anayejitibu, anayekupa mali kwa mkopo anasita. Mlevi asiyejitibu, ajabu, anakopeshwa. Kwa hiyo kukutana kwa siri si anasa kwetu.

Utaratibu wao unaruhusu walevi wawili au watatu wakutane na kujiita kikundi. Ndivyo tulivyofanya, mimi na dereva yule, kwenye stoo ya nafaka, Jumatano jioni. Tulifika watano. Mmoja amerudi kunywa, tunamtembelea. Siku za foleni ndefu tunazungumza kwa simu, madereva wakiwa ndani ya malori yao.

Nionye jambo moja. Aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asikate ghafla peke yake chumbani. Kutetemeka huweza kufikia degedege na kuchanganyikiwa, na watu hufa. Aanzie hospitali, kikao huja baadaye. Kwa upande wa Uganda, hospitali ya taifa ya Butabika, Kampala, ina wodi ya waathirika wa pombe. Ila nayo ni mbali.

Tangu mwaka 2018 kituo cha pamoja cha Busia hukagua mzigo mara moja kwa nchi zote mbili. Jengo lina ofisi za kila idara. Chumba kimoja, viti kumi, jioni moja kwa wiki, na tangazo ukutani lenye namba inayopita kwenye laini za pande zote mbili: hizo ni gharama ambazo serikali zetu zinaweza kugawana bila hata kuitisha kikao cha mawaziri.

Mke wangu alipiga simu mwezi uliopita. Aliuliza Jumatano tunaanza saa ngapi.